Shoti si Ugonjwa Mmoja: Kiswahili Kiingie Karakana

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Laiti wangaliona tingatinga la kuchimba limesimama kando ya shimo, injini yake ikinguruma ilhali mkono wake umekataa kuinuka, wangaliongeza kuwa kutouliza ni hasara. Katika makala haya nanuia kuonyesha kwamba kubaini hitilafu ya umeme katika mfumo wa haidroliki wa mtambo kama huo ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya spana, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeikwepa kazi hiyo kwa muda mrefu.

Nianze na kisa. Katika likizo ndefu iliyotangulia mwaka wangu wa tatu, nilifanya kazi ya ukarani katika machimbo fulani ya mawe katika Kaunti ya Machakos. Asubuhi moja tingatinga lililotegemewa na machimbo yote lilikwama. Injini ilikuwa hai, lakini mkono haukuinuka, ndoo haikujikunja, na minyororo ya kutembelea haikusogea hata inchi. Opareta alimpigia simu mwenye mtambo akasema neno moja tu: "Imekata." Fundi wa kwanza alifika, akatazama, akatoa hukumu: "Pampu imekufa." Kwa asiyejua, pampu ya haidroliki ndiyo moyo wa mtambo, na bei yake humnyima mwenyewe usingizi. Vibarua wanaolipwa kwa siku walikaa siku mbili bila ujira huku pampu mpya ikitafutwa.

Siku ya tatu akaletwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye mvi. Huyu hakugusa spana. Alimwita opareta akamsaili.

"Ilianza kulegea polepole ama ilikata ghafla?"

"Ghafla, mzee."

"Imekata mkono peke yake ama kila kitu?"

"Kila kitu, mzee. Mkono, kuzunguka, hata kutembea."

"Ukivuta kishikio, injini inazama?"

"Haizami. Inanguruma vile vile."

"Basi wacheni pampu kwanza."

Hebu tuitazame mantiki ya mzee huyo. Tingatinga lile lina pampu kuu mbili zinazogawana kazi. Pampu inayochakaa aghalabu hulegea siku baada ya siku, na ni nadra mbili zife kwa sekunde moja. Kinachozima kila kitu kwa mpigo ni kitu kinachotegemewa na viungo vyote kwa pamoja. Katika mitambo mingi ya aina hii, vishikio vya opareta havigusi mafuta yenye shinikizo kuu, ambalo huweza kupita baa 300. Vishikio hutuma mafuta ya shinikizo dogo, kiasi cha baa 40 hivi, yakafungue vali kubwa. Mafuta hayo nayo yana mlinzi: vali ya solenoidi, yaani vali inayofunguliwa na koili ya umeme. Opareta anapoinua mkono wa usalama ili ashuke, koili hukatiwa umeme, asije akagusa kishikio kwa bahati mbaya na kumuumiza mtu. Koili ikikosa umeme wakati wa kazi, mtambo mzima huwa kama umetiwa pingu, hata kama pampu zake ni nzima. Tena koili ndiyo rahisi kupima. Mzee akaanzia hapo, baada ya kuhakikisha kwamba ndoo imelala chini na hakuna mtu karibu.

Mwanagenzi wake alichomoa plagi ya koili, akatia mita. "Mzee, volti 24 ziko. Umeme hauna shida." Mzee akamwamuru airudishe plagi mahali pake, kisha apime kwa nyuma ya plagi huku koili ikiwa kazini. Mita ikasoma volti 9! Hapo ndipo siri ilipofichuka. Mita haili mkondo wa kutajika, hivyo waya uliooza na kubakiwa na nyuzi mbili tatu huweza kuionyesha volti zote. Koili inapodai mkondo wake, waya huo huo hushindwa, na volti zikapotelea njiani. Waya ulikuwa umesuguliwa na chuma kwa miezi, maji yakapenya, shaba ikageuka kijani. Ukabadilishwa kipande kifupi tu, na tingatinga likaamka kabla ya chai ya saa nne.

Nilipomuuliza mwanagenzi ni hitilafu gani iliyokuwapo, alijibu: "Shoti." Wiki iliyotangulia, waya wa taa uligusa bodi, fyuzi ikaungua. Hiyo nayo aliiita shoti. Na plagi ikichomoka kabisa? Shoti pia. Magonjwa matatu, jina moja! Shoti hasa ni umeme kupata njia ya mkato: mkondo hufurika na fyuzi huungua. Waya ukikatika, mkondo haupiti kabisa, na fyuzi hubaki nzima. Waya ukioza, ukinzani hupanda, mkondo hupita kwa uhaba, fyuzi hubaki nzima, na mita humhadaa asiyejua kuipima saketi ikiwa kazini. Kila ugonjwa una kipimo chake. Anayeuita kila mmoja shoti atatafuta fyuzi iliyoungua pasipo fyuzi iliyoungua, kisha atakata tamaa na kuilaumu pampu.

Je, alaumiwe mwanagenzi? Hasha! Lawama ni yetu. Istilahi za fizikia zimetungwa na kuchapishwa. Mathalani, TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Maneno hayo twayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha twayaacha rafuni. Katika majuma yangu yote pale machimboni sikulisikia neno "ukinzani" hata mara moja.

Wapo watakaosema kuwa fundi na atumie Kiingereza, kwa kuwa miongozo ya mitambo imeandikwa kwa lugha hiyo. Hawa wanasahau kwamba mwongozo hausaili opareta. Maswali ya mzee yule yaliulizwa na kujibiwa kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyowaunganisha watu waliotoka pembe mbalimbali za nchi. Wapo pia wenzetu wanaotaka tukae semina tutunge majina mapya ya fyuzi na koili. Nao siwaungi mkono. Fundi analo jina tayari, na linamtosha. Isitoshe, kulegea, kukata na kuzama ni vitenzi vya kila siku ambavyo mafundi wamevipa maana bayana ya kikazi. Tofauti ya kulegea na kukata ndiyo iliyoinusuru pampu. Tuviandike kabla ya kutunga vingine. Mahali ambapo neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, kama shoti, hapo ndipo mchango wetu unapohitajika.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mwanafunzi wa somo la istilahi akae angaa majuma matatu katika karakana, na wahadhiri wetu waikubali kazi hiyo kuwa utafiti kamili. Pili, chama chetu kishirikiane na vyuo vya kiufundi kuandaa kijitabu kidogo cha maswali na vipimo, kwa maneno ya mafundi wenyewe, kinachoweza kutiwa mfukoni na kuchafuliwa kwa grisi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 7, iliifanya lugha yetu kuwa lugha rasmi. Urasmi huo usiishie Bungeni na katika mashairi yetu.

Vibarua wale hawakulipwa zile siku mbili. Swali moja tu, lau lingeulizwa asubuhi ya kwanza, lingewarudishia ujira wao. Wenzangu, tutoke madarasani tukajifunze kuuliza.