Saa 120 Hazingoji Kikao

Tuseme ukweli, jameni. Kondomu ikipasuka, mume akikataa kuivaa, au mwanamke akibakwa njiani akitafuta kuni, mwili haungoji kikao cha wazee. Ana saa 120, yaani siku tano, kumeza tembe za dharura za kuzuia mimba, zile sisi tuliokulia Kakuma tunaziita P2. Na saa hizo hazilingani: kadiri anavyowahi, ndivyo zinavyofanya kazi.

Hapa Juba saa hizo tunazimaliza kwa maswali. Mume wako anajua? Ulikuwa wapi? Fomu Namba 8 ya polisi iko wapi? Matibabu hayahitaji fomu hiyo kwanza. Lakini swali likiulizwa kwa sauti mbele ya foleni, dada anageuka, anarudi kwake.

Wengine wanasema P2 inatoa mimba. Si kweli. Inachelewesha yai kutoka. Mimba ikishashika, haiitoi wala haimdhuru mtoto. Wengine eti itafundisha wasichana umalaya. Haya, waliobakwa Julai 2016 walipotoka kambi ya UN House kutafuta chakula, walifundishwa na tembe gani? Umoja wa Mataifa ulihesabu kesi 217 za ukatili wa kingono hapa Juba kati ya tarehe 8 na 25 mwezi ule. Na hao ni waliosema.

Unaogopa tembe? Basi ogopa uzazi kwanza. WHO ilikadiria kwamba mwaka 2020, Sudan Kusini ilipoteza akina mama 1,223 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Katika nchi kama hii, mimba isiyotakiwa si umbea wa kwenye bomba la maji. Inaweza kuua.

Nanyi wa mashirika, semina tumeshiba. Wekeni tembe mahali mwanamke atazipata Jumamosi jioni, siyo Jumatatu saa tatu. Akiomba, mpeni, msimlazimishe kusema amebakwa ndipo astahili. Aliyebakwa mwambieni pia kwamba dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi mwisho wake ni saa 72.

Wazee wangu, nawaheshimu. Mkitaka kikao, kaeni. Lakini kwanza dada apewe maji, ameze.