Kuvunja Simu Si Kulinda Mtoto

Hapa Isiolo kuna dawa ambayo kila mzazi ameisikia: mtoto akipatikana na mambo machafu kwenye simu, mnyang'anye. Akirudia, ivunje. Nimeisikia ikitolewa harusini, kwenye mikutano ya wazazi shuleni na kwenye mabenchi ya chai karibu na soko la mifugo. Aliyevunja simu husifiwa kuwa mzazi anayejali. Mimi nasema dawa hii ni sumu, na anayefaidika nayo ni yule yule anayewawinda watoto wetu.

Likizo ya Agosti, baada ya swala ya alasiri, niliwakuta wavulana watano nyuma ya duka la kuchaji simu mtaani Bulla Pesa. Vichwa vinne juu ya simu moja, na wa tano amesimama pembeni akichunga njia. Nilipokaribia, simu ikazama ndani ya soksi. Nikauliza ni ya nani.

"Ya kaka. Yuko kazini na boda."

"Na yako iko wapi?"

"Babangu aliiponda kwa jiwe."

Aliyejibu alikuwa na miaka kama 13, na alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya sukari. Nikamuuliza: mtu akikutisha humo ndani, utamwambia nani? Akatazama chini. "Hakuna."

Yule baba anaamini amefunga mlango. Mtoto bado yumo ndani. Aliyetoka ni baba.

Mtego wenyewe haubadiliki sana. Huja akaunti yenye picha ya msichana wa rika lake, maneno matamu, bando za bure, kisha ombi la picha. Picha ikishatumwa, sauti inageuka: leta pesa, au leta picha nyingine, la sivyo babako ataiona. Wazazi wenzangu, litazameni vizuri tishio hilo. Mhalifu hana bunduki wala panga. Silaha yake ni hasira ya baba, na kila simu tunayoiponda mbele ya watoto inamwongezea risasi.

Mwaka 2021, ECPAT, INTERPOL na UNICEF walitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya na dhuluma za mtandaoni. Waligundua kwamba watoto wengi wanaodhulumiwa hawapigi ripoti polisi. Wakisema, mara nyingi humwambia rafiki. Waligundua pia kwamba mdhalimu mara nyingi ni mtu anayejulikana na mtoto. Basi tusijidanganye kwamba adui yuko Nairobi au ng'ambo. Huenda anakunywa chai sebuleni kwetu.

Tena kuna hasara ambayo wavunja simu hawaitaji kamwe. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inamwekea anayetengeneza, kusambaza au kuhifadhi picha za ngono za watoto kifungo cha hadi miaka 25, au faini ya hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Lakini hakimu hahukumu kwa uvumi. Anataka kuona jumbe, namba, tarehe, pesa iliyotumwa kwa M-Pesa. Hayo yote yamo ndani ya ile simu iliyopondwa. Baba ameharibu ushahidi kwa mkono wake mwenyewe, na mhalifu amehamia kwa mtoto wa jirani. Akijulikana naye, akawa ni mtu wa ukoo, wazee huketi, mbuzi wakahesabiwa, na jambo likazikwa kwa jina la maslaha, yaani suluhu ya wazee. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Fikra hii ya kuondoa chombo badala ya kumlinda mtoto haiko Isiolo pekee. Agosti 2023, Bunge la Kitaifa lilipokea ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku nchini. Sina nia ya kuitetea kampuni yoyote, nazo zibanwe zitimize wajibu wake. Lakini ukifunga programu moja leo, mwindaji atahamia nyingine kesho, na mtoto asiye na wa kumwambia atamfuata huko.

Sisemi mtoto wa miaka sita apewe simu yake. Mipaka ni haki ya mzazi: simu ilale chumbani kwa mama, bando iwe na kiasi. Ninachokataa ni kuita hasira ulinzi.

Wengi wetu ni watoto wa wafugaji. Hakuna mfugaji anayefunga mifugo zizini kiangazi chote akasema ameilinda na fisi; itakufa njaa. Anauliza leo inakunywa kwenye kisima kipi, nani mwingine anachunga upande ule, na jioni anahesabu. Mtoto naye ahesabiwe jioni. Nani alikuandikia leo? Alikuomba nini? Alikuambia usimwambie mtu? Mama aliyeko Merti na mifugo, aliyemwacha mtoto mjini kwa nyanya ili asome, anaweza kuuliza hayo kwa simu ya kabambe, hata kama hajui kusoma.

Na likishatokea, usilipe hata shilingi, usifute kitu. Hifadhi simu ilivyo, nenda nayo kwa afisa wa watoto au kituo cha polisi, au piga 116, laini ya bure ya kusaidia watoto. Kabla ya hayo yote, mwambie mwanao kwamba kosa ni la aliyemtega.

Leo jioni mwanao atakusomea ujumbe wa M-Pesa kama kawaida. Akimaliza, usimrudishe haraka kwenye vitabu vyake. Mwambie hivi: siku ukiona humu jambo la aibu au la kutisha, niletee, na simu haitavunjwa. Kisha, siku atakapokuja nayo mkono ukitetemeka, timiza neno lako.