Sumu ya Shambani Ielezwe kwa Kiswahili

Chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, hulishwa na mvua inayohifadhiwa na misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Maji yakishapita mashambani huelekea Ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadzabe, ambao asali ni chakula chao cha asili. Dawa inayonyunyizwa kuua wadudu wa vitunguu haimbagui nyuki, wala haikomei mpakani mwa shamba. Wataalamu wanalijua jambo hilo. Swali ni nani mwingine ameelezwa.

Mwaka 1962 Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, alitoa kitabu Silent Spring, kilichoeleza jinsi DDT inavyohama kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki na ndege. Mengi ya hayo yalikwisha kuandikwa katika majarida ya kitaalamu. Carson aliyaandika kwa lugha inayoeleweka na mtu wa kawaida. Wenye viwanda vya kemikali walimshambulia vikali, lakini umma ulikuwa umekwisha kuamka. Mwaka 1972 serikali ya nchi hiyo ilipiga marufuku takriban matumizi yote ya DDT.

Tanzania nayo haina upungufu wa wataalamu. Mwaka 2007 Dakta Aiwerasia Ngowi na wenzake walichapisha utafiti juu ya wakulima wadogo wa nyanya, kabichi na vitunguu Kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 ya wakulima hao walisema waliwahi kuugua baada ya kunyunyiza dawa. Karibu theluthi yao walichanganya dawa mbalimbali pamoja, bila maelekezo ya lebo wala ya bwana shamba. Kazi hiyo ya thamani ilitoka kwa Kiingereza, katika jarida la ng'ambo. Waliohojiwa ndio wasiotarajiwa kuisoma!

Mkulima asibebeshwe lawama kwa hilo, wala asihubiriwe kuacha dawa, maana vitunguu ndivyo vinavyomvalisha na kumsomeshea watoto. Anachostahili ni habari. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, haina budi kuwadai watafiti muhtasari wa Kiswahili kwa kila utafiti, nao maafisa ugani wausome katika mikutano ya vijiji. Walimu wa sayansi wa Karatu hawana haja ya kusubiri waraka: wanaweza kuanza muhula huu kwa kunakili ubaoni lebo za dawa zinazouzwa madukani hapo hapo, na kuzifafanua neno kwa neno.