Kiti cha magurudumu hakibomoi nyumba!
Kijana mwenzangu wa Mwanjelwa, tuulizane ukweli. Baba yako ana nyumba, haina mpangaji. Wanakuja watu wazima wanne wenye ulemavu na msaidizi wao, kodi ya miezi sita mkononi. Mzee anawafukuza, eti nyumba yake si hospitali! Nawe umekaa barazani, kimya.

Nani kasema ni wagonjwa? Panda basi uende Iringa. Pale Neema Crafts, iliyoanzishwa na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana mwaka 2003, viziwi na walemavu wanafuma, wanashona, wanahudumia wateja mgahawani. Jioni nao wanahitaji pa kulala, kama wewe.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mzee. Mwaka 2009 iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa unaosema mtu mwenye ulemavu achague pa kuishi na wa kuishi naye. Mwaka 2010 ikatunga sheria. Achague wapi, milango ikifungwa? Karatasi haiezeki paa!

Mwambie mzee waandikishane: nani atagharimia ngazi kugeuzwa mteremko, nani atapanua choo. Hayo yanazungumzika. Kufukuza watu ni ubaguzi. Na ajali ya bodaboda haichagui, kijana. Kesho anayetafuta chumba ni wewe.