Taifa la Wanawake na Mlango wa Jikoni

Kila msimulizi anayebuni taifa linalotawaliwa na wanawake hukabiliwa na maswali mawili. La kwanza ni nani atakayekalia kiti cha enzi. La pili ni nani atakayepika, kufua na kulea watoto mara kiti hicho kitakapokaliwa. Wahakiki wengi hushangilia jibu la swali la kwanza na kulipita la pili kimya kimya. Mazoea hayo ni kasoro kubwa, na Doha ni mji unaoianika peupe.

Nchini Qatar, safari ya mwanamke kuelekea madarakani ina tarehe zake. Tarehe 8 Machi 1999 wanawake walipiga kura na kugombea katika uchaguzi wa baraza la manispaa. Mwaka 2003 Sheikha Yousuf al-Jufairi akapata kiti katika baraza hilo. Katika uchaguzi wa Baraza la Shura wa Oktoba 2021, hakuna mwanamke aliyeshinda hata kimoja kati ya viti 30 vilivyogombewa, na Amiri akawateua wawili miongoni mwa wajumbe 15 aliokuwa na haki ya kuwateua. Anayetetea haki ya wanawake ana sababu ya kulalamika.

Lakini katika nyumba za mji huohuo yumo mwanamke mwingine, aliyetoka Mombasa, Kakamega au Kampala, ambaye hesabu hiyo haimgusi kabisa. Sheria Namba 15 ya mwaka 2017 inasema asifanye kazi zaidi ya saa 10 kwa siku na apewe siku moja ya mapumziko kila wiki. Sheria hiyo inapaswa kutekelezwa nyuma ya mlango wa nyumba ya mtu, mahali ambapo mkaguzi ni nadra kufika, na mfanyakazi asiye raia haruhusiwi kuunda chama cha kumtetea. Hata viti vyote 45 vya Shura vingekaliwa na wanawake, hilo peke yake lisingembadilishia saa ya kuamka.

Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi wa Bengal, aliliona swali hili mapema. Katika Sultana's Dream, hadithi iliyochapishwa mwaka 1905, taifa la wanawake linazaliwa vitani: wanaume wameshindwa, wanakubali kuingia ndani, na wanawake wa chuo kikuu wanamfukuza adui kwa miali ya jua iliyokusanywa. Wasomaji wengi huishia hapo, kwenye kichekesho cha wanaume waliotawishwa. Uzito wa hadithi uko kwingine. Jikoni mwa taifa hilo hamna makaa wala moshi, kwa kuwa joto la jua ndilo linalopika. Mashamba hulimwa kwa umeme, na kazi ya siku humalizika kwa saa mbili. Malkia huyo ana haki ya kuitwa mwasisi kwa sababu utawala wake umeigusa kazi yenyewe.

Herland ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, ya mwaka 1915, inaungama jambo zito zaidi bila kulitafakari. Kabla ya kuwa taifa la wanawake, nchi hiyo ilikuwa na watumwa. Watumwa wakaasi na kuwaua mabwana. Wasichana nao wakawaua watumwa, na taifa likaanza upya. Baada ya hapo simulizi hujaa amani, na watumwa hawana tena mtu wa kuwasemea. Msingi wa taifa umezikwa pamoja nao.

Pwani ya Waswahili haiwezi kujifanya haielewi. Mapokeo ya Mombasa humtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji kabla ya Shehe Mvita, na wapo wanaotamani aandikiwe riwaya. Aandikiwe. Ila mwandishi wake akumbuke kwamba pwani hiyohiyo ilijua kumtenga mwana na mjakazi: wote wanawake, mmoja akimmiliki mwenziwe. Uanamke wa mtawala haukumfungulia mjakazi pingu.

Mfano bora uko Samburu, Kenya. Kijiji cha Umoja kilianzishwa mwaka 1990 na wanawake 15 wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, baadhi yao wakiwa wamekimbia ukatili na kufukuzwa majumbani. Siasa zao za mwanzo zilikuwa siasa za riziki: kutunga shanga, kuwauzia watalii, kugawana mapato, kutafuta ardhi. Waasisi walikuwa ndio wafanyakazi.

Itasemwa kwamba fasihi si ofisi ya kazi, na kwamba njozi ina haki ya kuota bila kuulizwa nani aliyetandika kitanda. Hoja hiyo inajikata yenyewe. Njozi haina bajeti wala bunge la kuizuia. Mwandishi anayeweza kuwaondoa wanaume wote kwa aya moja, kisha akashindwa kumwondoa mjakazi, ametuonyesha mpaka wa ndoto yake, na mpaka huo ni wa kitabaka.

Riwaya ya Kiswahili ya taifa la wanawake bado ina nafasi ya kuandikwa vizuri. Iwapo itaandikwa, na ianzie Doha, katika chumba kidogo kilicho pembeni mwa jiko, kwa mwanamke anayesubiri Ijumaa. Katiba ya taifa hilo isomwe kwake kwanza, na akatae kuitia sahihi mpaka aone saa zake za kazi.