Asiyeamini naye ana kazi hijani

Mwandishi, umeandika vizuri, ila hapo uliposema asiyeamini akienda hija ni mnafiki, nakupinga. Mimi ni Mhindi wa hapa Kigali, imani ilinitoka tangu sekondari, na bado mama alinivuta hadi mlima Girnar kule Junagadh, Gujarat, walikotoka babu zetu. Ngazi karibu 10,000 mpaka hekalu la mungu Dattatreya! Gari la waya lilifunguliwa 2020, lakini linaishia hekalu la Ambaji. Kutoka hapo ni magoti yako, au uwalipe wabebaji. Mama alikataa kubebwa. Nilinung'unika njia nzima huku nimebeba maji na mikoba ya shangazi, na hakuna aliyeniuliza kama naamini. Hekaluni nilisimama kando, sikuinama, basi. Na wewe ndugu uliyeandika hapo juu kwamba haya ni mambo ya Wahindi tu, nenda kwenye hija ya Wakatoliki kule Kibeho tarehe 15 Agosti uone vijana wangapi wameburutwa na mama zao kutoka huku Kigali. Kusujudu ili watu wakuone, huo ndio unafiki. Kumshika mkono mzazi anayeumwa magoti ni wajibu, mwandishi, usituchanganyie.