Hasira Jukwaani, Hasira Ofisini

Mgombea akipanda jukwaani akamtukana mpinzani wake, sisi ndio tunaopiga vigelegele. Twasema huyu simba, huyu hatishiki. Akimfokea ripota au akimsukuma mlinzi wake mbele ya umati, twacheka. Akishaapishwa, twalalamika kwamba haambiliki! Mtu alijionyesha mchana kweupe, tukamchagua vivyo hivyo.

Septemba 2013, mwakilishi wa wanawake wa Nairobi, Rachel Shebesh, alifika City Hall pamoja na wafanyakazi wa kaunti waliogoma. Maneno yakapanda, na kamera zikamnasa Gavana Evans Kidero akimzaba kofi. Nchi nzima iliona. Mwaka 2017 chama cha Kidero kilimpa tena tiketi ya kiti kilekile. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 73, inasema mamlaka ni amana na yatumiwe kwa namna inayoipa ofisi heshima. Heshima ipi?

Kuna wanaonijibu kwamba hasira ni maumbile, kwamba kiongozi apimwe kwa barabara na hospitali. Nakataa kabisa. Wasaidizi wa mtu mkali hujifunza upesi kumficha habari mbaya. Anayejua kwamba dawa zimeisha hanyanyui mkono mkutanini, kwa sababu aliyenyanyua juzi alifokewa kama mtoto na kuhamishwa. Mhasibu anayeona pengo kwenye vitabu anameza mate. Wanaobaki karibu ni wale wa "ndiyo mheshimiwa". Hiyo hospitali mnayoitaja ndiyo itakayokosa dawa, na mkubwa atakuwa wa mwisho kujua. Mgonjwa ndiye anayelipa.

Wala msiniambie kwamba nataka viongozi wapole wasio na uchungu. Tarehe 10 Aprili 1993 mpigania uhuru Chris Hani aliuawa kwa risasi nyumbani kwake Boksburg, na Afrika Kusini ilikuwa tayari kuwaka. Nelson Mandela hakuwa rais bado. Alikuwa amefungwa miaka 27; kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kughadhibika, ni yeye. Alijitokeza kwenye televisheni akasema wazi kwamba muuaji ni Mzungu, kisha akasema kwamba aliyehatarisha maisha yake ili muuaji huyo akamatwe ni mwanamke Mzungu wa jamii ya Makaburu. Neno moja la ghadhabu wakati ule lingezika maelfu. Aprili mwaka uliofuata, wananchi walipanga foleni ya kupiga kura.

Sisi Wakenya tulizika zaidi ya watu 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Tunajua vizuri ndimi za wanasiasa zinaweza kufanya nini, na bado tunazishangilia.

Tume ya uchaguzi itakagua vyeti na saini za mgombea. Hasira zake hakuna wa kuzikagua ila wewe. Agosti 2027, atakayekutukania jirani yako ili umshangilie, mnyime kura, hata akiwa wa kwenu.